Mwenye Ufunguo Si Lazima Awe Mlinzi

Julai ya 2017 baridi ya Yeoville, mtaa wa Joburg, ilikuwa ya kung'ata masikio, lakini benchi lililokuwa mbele ya duka la kushonea la Papa Théodore halikukosa watu. Lilikuwa benchi refu la kanisa. Waumini wake walihamia Malvern, wakakosa gari la kulibeba, wakaliacha hapo hapo ukutani, na kuanzia saa moja asubuhi jua lililipiga lote. Papa Théodore ndiye aliyekuwa mwenyeji. Kule Bukavu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo hata sasa aliposhona suruali za watu bado waliendelea kumwita Greffier. Bakiri wa Ujiji aliuza kahawa, na kwa jinsi alivyoikoleza wakamwita Tangawizi. Régis, Mrundi aliyekuwa mlinzi wa duka la magodoro Jules Street, alifika akiwa bado na yunifomu yake. Huyo alikuwa Kamanda. Na kabla saluni ya jirani haijafunguliwa, Célestine msusi naye alikaa pembeni na daftari lake.

Célestine alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alisoma sheria Bukavu miaka miwili, vita vikamkatisha, akaja Joburg, na kwa miaka saba alisuka vichwa vya watu huku akijiambia kwamba atarudi darasani. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa kuingia Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu kimoja hapo Joburg, akaanguka. Barua ilisema kwa ufupi: kusoma kwa ufahamu na kufikiri kwa mantiki, chini ya kiwango. Ilimuuma, maana Kiingereza alikijua. Chuo hicho kiliruhusu mtu ajaribu mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili.

Asubuhi moja, wiki ya kwanza ya Julai, alifungua daftari, akawasomea swali kwa Kiswahili ili achangamke kidogo.

— Sikilizeni. Kila mlinzi wa jengo hili ana ufunguo wa geti. Jean-Bosco ana ufunguo wa geti. Je, ni lazima Jean-Bosco awe mlinzi?

— Lazima! Régis alidakia kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mimi mlinzi, najua. Ufunguo haupewi mtu ovyo ovyo. Ukiupoteza unaandikwa barua.

— Kamanda, wewe unajua mageti ya Jules Street tu, Bakiri alisema akimmiminia. Huyo Jean-Bosco si mlinzi. Ameoa kwa mlinzi. Baba mkwe ana ufunguo, mtoto wa kike akauchukua, akampa mumewe. Mambo ya kifamilia hayo.

— Umeyatoa wapi hayo ya mkwe?

— Aisee, kwani Jean-Bosco hana mke?

Papa Théodore aliweka sindano chini. Kila mtu akamtazama.

— Bon. Mi nimekaa na mafaili ya mahakama miaka kumi na moja. Huyo Jean-Bosco iko mwizi. Hapana kwa sababu ya ufunguo. Kwa sababu wamemtaja jina. Mtu akitajwa jina peke yake kwenye karatasi, ujue anatafutwa.

— Eish, Greffier! Basi hata mimi nimeandikwa jina kwenye leseni yangu ya kahawa, natafutwa?

— Wewe unajua mwenyewe.

Walicheka. Bakiri akaongeza kwamba huenda jengo lenyewe ni la Jean-Bosco na hao walinzi wote amewaajiri yeye. Régis akasema kama ndivyo, basi Jean-Bosco ndiye yule bosi wake asiyejulikana sura, na ndiyo maana mshahara huchelewa.

Célestine alicheka nao, kisha kicheko kikamkauka. Aliona kitu. Kila mmoja alijibu kwa maisha yake. Kamanda kwa mageti yake, Tangawizi kwa ukwe, Papa Théodore kwa mafaili. Na yeye mwaka jana alifanya vivyo hivyo. Kwenye mtihani walimpa habari ya mwanamke muuza mboga, wakauliza mwandishi amesema nini, naye akajibu yale aliyoyaona sokoni Uvira kwa mama yake. Yote yalikuwa kweli. Hayakuwamo kwenye karatasi.

— Jibu ni si lazima, alisema taratibu. Wamesema walinzi wote wana ufunguo. Hawakusema walinzi tu ndio wenye ufunguo.

— Sasa ni nani huyo Jean-Bosco? Régis aliuliza.

— Haijaandikwa, kaka.

— Ndiyo, lakini ni nani?

Célestine aliinamia daftari. Alikuwa anaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: YALIYOANDIKWA TU.

Jumatatu iliyofuata hakukuwa na kicheko. Inès, Mrundi aliyekaa kwenye fleti za juu ya duka, alishuka mbio na mtoto mgongoni na karatasi mkononi.

— Yebaba we! Wametubandikia mlangoni. Wanatufukuza!

Régis aliipokea, akaikodolea macho.

— Ijumaa, alisema. Naona Ijumaa tarehe kumi na nne. Na hapa wameandika kuondoka.

— Wageni wote? Bakiri aliuliza.

— Kwani wataondoka akina nani? Mwenzangu wa kazini yalimkuta hayo. Waliletewa karatasi, kesho yake malori.

— Mi nilijua, Papa Théodore alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. Kuna mtu amenunua jengo. Tangu walipokuja kupima ukuta nilijua. Kamanda, yule rafiki yako mwenye bakkie, ile pikapu, mpigie simu. Cherehani zangu zitangulie.

Régis akatoa simu. Bakiri akaanza kukusanya vikombe, ingawa yeye hakukaa jengo hilo. Inès aliketi kwenye benchi akilia kimyakimya, na mtoto akaanza kulia naye.

Célestine aliichukua karatasi. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lilo hilo. Alisoma mara ya kwanza, asielewe, maana masikio yalikuwa kwa Régis. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akasoma tena, neno kwa neno, kidole chini ya mstari.

— Kamanda, kata simu kwanza.

— Dada, mtu wa bakkie ana kazi nyingi, tukichelewa…

— Kata. Hawakusema wageni. Hilo neno halimo. Wamesema mpangaji yeyote ambaye ofisi haina mkataba wake uliosainiwa, apeleke nakala kabla ya Ijumaa. Asiyepeleka anaweza kuambiwa aondoke.

— Anaweza, au ataondoka? Papa Théodore aliuliza. Ukarani ulikuwa umemrudia kidogo.

— Anaweza. Papa, wewe una mkataba?

— Uko kwenye bati ya biskuti.

— Basi toa nakala, upeleke. Mimi wangu upo. Inès?

Inès alitikisa kichwa. Mkataba wao ulisainiwa na mumewe, naye alikuwa Durban kikazi, na hakujua aliuweka wapi.

Célestine akageuza karatasi. Nyuma, kwa maandishi madogo, palikuwa na mistari miwili ambayo hakuna aliyeiona: aliyepoteza nakala yake aombe nyingine ofisini, na mtu yeyote aliyetajwa kwenye mkataba anaweza kuiomba.

— Jina lako limo kwenye mkataba?

— Limo. Mimi na mtoto mkubwa.

— Twende.

Ofisi ilikuwa mtaa wa tatu. Kijana wa mapokezi aliwaambia bila kuinua macho kwamba mume aje mwenyewe. Zamani Célestine angeomba, au angepandisha sauti. Safari hii aliweka tangazo mezani, akaligeuza, akaweka kidole kwenye mistari ile miwili.

— Tafadhali nisomee hapa.

Kijana akasoma. Akasoma tena. Akainuka, akafungua kabati, akapekua kwa muda mrefu, na jina la Inès lilikuwamo kweli, la pili chini ya la mumewe. Walitoka na nakala yenye muhuri. Inès alimshika Célestine mkono njia nzima.

Ijumaa ilipita. Hakuna lori lililokuja. Régis alisema ni kwa sababu waliogopa.

Tarehe ishirini na mbili Célestine alikaa kwenye ukumbi wenye baridi pamoja na vijana waliokuwa na karibu nusu ya umri wake. Habari ya tatu ilihusu saluni. Mwandishi alidai wasusi wanaosimama hawachoki upesi kama wanaokaa. Célestine alikuwa amesimama miaka saba. Miguu yake ilimjibu mwandishi pale pale, na angeweza kumwandikia kurasa nne za kumsuta. Lakini swali lilikuwa: kwa mujibu wa mwandishi, nani huchoka upesi? Akavuta pumzi, akaweka alama kwenye wanaokaa, akaendelea.

Majibu yalikuja Agosti, kwenye simu, akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja. Alisoma ujumbe wote mpaka mwisho, akarudia, ndipo akatoka nje na kitana mkononi.

— Nimepita. Wamenipa nafasi.

Papa Théodore alisimama kana kwamba hakimu ameingia. Bakiri akamimina kahawa kwa kila aliyekuwapo, hata kwa waliokuwa wakipita. Régis alisema alijua tangu lile swali la ufunguo, kwamba yeye ndiye hasa aliyemfundisha. Inès alileta mandazi kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa.

— Sasa tuna wakili wetu, Papa Théodore alisema. Maître Célestine! Bango nitashona mimi. La kitambaa, herufi za dhahabu.

— Ofisi aweke hapa hapa, Bakiri akasema.

— Hapa? Maître anakaa Sandton, kwa matajiri! Na mlangoni asimame mlinzi mmoja tu, mimi.

Mwishoni mwa benchi alikuwapo Placide, mpwa wa Papa Théodore, aliyefika kutoka Uvira wiki tatu tu zilizopita. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alingoja wanyamaze kidogo.

— Samahani, wakubwa, mi bado mgeni hapa. Sisi wenye karatasi ya ukimbizi, mtu akishamaliza hiyo sheria, serikali inamruhusu kuwa wakili?

Régis alimtazama Bakiri. Bakiri akamtazama Papa Théodore. Papa Théodore, aliyekuwa na jibu la kila kesi tangu Bukavu, akautazama uzi uliobaki kwenye vidole vyake.

Célestine alihesabu miaka kichwani: miwili ya Bukavu, saba ya saluni, minne inayokuja. Katika yote hiyo hakuwahi kuuliza hilo.

— Sijui, alisema.

Mteja alimwita kutoka saluni, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa.