Miaka Kumi na Mitatu ya Somo la Wageni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Taratibu anastaafu ualimu wa uuguzi hapa chuoni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hajawahi kumharakisha mtu, hata kengele ikiwa imeshalia.

Alianzia wodini, akahamia darasani magoti yalipogoma. Miaka kumi na mitatu iliyopita alikabidhiwa somo ambalo sote tulilikwepa: kuwahudumia wagonjwa wa tamaduni nyingine, hasa wahamiaji. Akapewa saa nane mchana, chumba kilichopakana na mashine za kufulia, na wanafunzi walioshiba. Tulimpa pole, huku tukishukuru kimoyomoyo kwamba si sisi.

Kila mwaka aliwajazisha dodoso kuhusu misimamo yao juu ya uhamiaji, kabla ya somo na baada yake. Mwaka wa kwanza, waliosema wahamiaji wanatujazia vitanda waliongezeka baada ya somo. Alilisoma jedwali mara mbili, akafunga faili, akaenda kunywa chai.

Mwaka mmoja alipata mwanafunzi fundi wa kubishana, aliyeandika kwamba wahamiaji warudi kwao. Mwezi uliofuata kijana huyo alipangiwa wodi ya watoto, na siku moja akawa anamruhusu mama mhamiaji arudi nyumbani na mwanawe. Alimweleza dawa, mama akaitikia kwa kichwa, naye akaandika: ameelewa. Mama Taratibu, aliyekuwa pembeni akimsimamia, akampa yule mama chupa na vijiko, akamwomba kwa ishara apime. Mama akachukua kijiko kikubwa, akakijaza pomoni, mara tatu ya kipimo. Mtoto alikuwa na miezi minane.

Mkalimani alipopatikana, mama alieleza kwamba aliogopa akiuliza sana, naye ataulizwa vibali. Mwanafunzi alimfuata mwalimu wake kwenye korido. "Mwalimu, alikuwa anaitikia kwa woga," alisema. "Mimi nikaandika ameelewa."

Hakugeuka malaika. Kwenye dodoso la mwisho bado aliandika kwamba mipaka ifungwe. Lakini leo ndiye muuguzi kiongozi wa wodi ile, na hakuna mzazi anayetoka pale, mwenyeji au mgeni, kabla ya kupima dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Tusifichane: anaondoka amechoka. Sauti imekauka, na madodoso yamejaza kabati mbili, namba zikipanda kidogo, zikishuka kidogo. Wiki iliyopita alituambia katika chumba cha walimu, "Sijui kama nimembadilisha mtu." Wengi wetu hatukuwahi hata kujaribu.

Asante, dada yetu, kwa mzigo uliobeba peke yako sisi tukiwa chumba cha pili. Kwenye ratiba ya muhula ujao, nafasi ya mwalimu wa somo lako bado iko wazi. Nami nimechoka, lakini Jumatatu nitamwomba mkuu wa chuo aandike jina langu. Wewe kapumzike. Wajukuu wakuchoshe kwa michezo tu, na afya ikusindikize siku zote.