Marehemu Tarsis Mosha na Keki Isiyoonyeshwa

Marehemu Tarsis Aloyce Mosha alizaliwa Kibosho, Moshi, tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Aloyce na Mama Matilda. Alisoma huko huko kijijini hadi darasa la saba, kisha akateremka Dar es Salaam kumfuata kaka yake Kariakoo.

Alianza kwa kuuza kaseti. Mwaka 1999 akafungua duka la gemu Mtaa wa Aggrey. Hakuuza gemu ya mtoto kabla hajaicheza mwenyewe mpaka mwisho. Mteja mwenye haraka aliambiwa, "Zunguka kidogo mama, bado sijamshinda jini." Watu walicheka, lakini wazazi walimwamini.

Alifunga ndoa na Celina mwaka 1993, wakajaliwa watoto wawili. Alikuwa pia baba wa ubatizo wa Heriel, akamsomesha mpaka akawa mwandishi wa habari wa televisheni.

Mwaka 2023 Heriel alikuja dukani na kamera. "Shikamoo baba. Natengeneza habari ya vitu vinavyofichwa kwenye gemu."

"Marahaba. Njoo uone kichekesho."

Katika gemu ya magari, ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani ukuta unafunguka, na nyuma yake wako watengenezaji wenyewe pichani, wanakula keki. Walicheka wote wawili. Jioni familia ikakaa sebuleni kutazama taarifa ya habari. Ukuta ulifunguka, picha ikakatwa hapo, kabla ya keki. Ikafuata sura ya Tarsis akicheka, na sauti ya Heriel: "Huyu anawauzia watoto wenu nini nyuma ya ukuta?"

Kesho yake wazazi walirudisha gemu huku wakimtukana. Hata jumuiya ya kanisa ikaacha kusali nyumbani kwake. Alimpigia Heriel, akajibiwa, "Baba, ni mhariri, siyo mimi. Tutarekebisha." Kila jioni akawa anakaa mbele ya taarifa ya habari, akisubiri. Hawakurekebisha, na ilituuma sana kumtazama.

Februari 2025 alipata kiharusi. Alifariki hospitalini Dar es Salaam tarehe 9 Juni.

Ameacha mjane, Celina, watoto, Agnesi na Aloyce, wajukuu watatu, na mtoto wa ubatizo, Heriel. Orodha hii ilipoandikwa, marehemu akiwa bado hai kitandani, Celina alitaka jina hilo la mwisho liondolewe. Mwenyewe, kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito, alikataa: "Someni majina yote. Sisi hatufichi kitu."

Limesomwa. Kama Heriel amekuja, amelisikia.

Tarsis apumzike kwa amani aliyonyang'anywa sebuleni kwake.