Mwalimu Marcel Ngusa Jilala, Aliyeirudisha Tasnifu Yake Mwenyewe

Mwalimu Marcel Ngusa Jilala alizaliwa Nyarugusu, Geita, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jilala, mchimbaji wa dhahabu, na Mama Sabina.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyarugusu, sekondari Shinyanga, kisha akapata shahada ya hisabati Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka huo huo alianza kufundisha Isaka, baadaye Shinyanga mjini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona na fimbo.

Tarehe 9 Juni 2007 alifunga ndoa na Sesilia Herman, huko Chato. Siku moja alimweleza mkewe utafiti wake: zipo polinomia, yaani semi za hisabati, ziitwazo othogonali, hukaa kifamilia, na familia nzima, mdogo kwa mkubwa, hutii mlinganyo tofautishi mmoja.

“Wote wanatii?” mkewe, Mama Kalisti, akauliza. “Hebu waite wanao waje wasikie.”

Mwaka jana tasnifu yake ya uzamivu kuhusu familia mpya ya polinomia hizo ilipitishwa. Joho lilishashonwa. Wiki mbili kabla ya mahafali akagundua kuwa polinomia ya saba haitii.

“Si wameshapitisha?” mkewe alishtuka.

“Wamepitisha walichokiona, Mama Kalisti. Mimi nimeona kingine.”

Akaandika barua chuoni kueleza kosa hilo, akairudisha tasnifu. Wapo ndugu waliomlaumu, na leo wanaomba radhi mbele ya jeneza lake.

Jumatatu wiki hii, tarehe 1 Septemba 2025, alikiona kijisehemu alichokuwa amekiruka kwenye mlinganyo. Alipokirejesha, ya saba ikatii, na uthibitisho ukazishika zote. Alimpigia simu Mwalimu Donatus, mwenzake kazini, huku akicheka peke yake.

Hapa ndipo husomwa habari za ugonjwa. Hazipo. Hakuugua. Jumatano saa nne asubuhi alimwambia mkewe, “Funika chai, nakuja,” akaanguka mlangoni. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Hadi leo Sesilia anauliza kila anayeingia, “Lakini si alikuwa anaongea?”

Jana Mwalimu Donatus alimaliza kuipitia kazi ile, ukurasa kwa ukurasa. Ni sahihi. Ameituma chuoni kwa jina la Marcel.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto watatu, Kalisti, Serafina na Jilala, na ndugu wanne, akiwemo Hosiana anayesoma wasifu huu. Mungu ampokee Marcel, ampumzishe kwa amani.