Papa Grégoire Anaaga kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya kuhamisha sauti, hapa Rubondo, Papa Grégoire anastaafu tarehe 31 Julai. Wengi mtasema mmeshakula chakula cha kumuaga. Kweli, mara mbili. Mara zote mbili alirudi kazini Jumatatu, tena mapema kuliko sisi.

Kazi yake ni kupiga santuri za zamani na kuziingiza kwenye simu za watu. Sindano yake iliruka toka mwanzo. Alisema ni vumbi. Mwaka mwingine alisema ni ngoma za kanisa la jirani. Leo kuna wazee Rubondo wanaoimba nyimbo za ujana wao wakiruka palepale sindano iliporuka, na hawajui.

Mwaka jana, wiki ya kumuaga mara ya kwanza, Maman Perpétue alileta santuri ya kwaya ya Fizi. Ubeti wa pili anaimba baba yake, marehemu, na sauti yake haipo fasi nyingine. Sindano ikaruka katikati ya ubeti. Maman akasema, “Papa Grégoire, baba yangu hakukuwaka na kwikwi.”

Hapo kustaafu kukashindikana. Kila jaribio lilikwaruza santuri, na Papa alijua. Akaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kitulie. Ikaruka zaidi. Akaongeza ya pili.

Mwezi wa tano mwaka huu alibeba mashine hadi Mbarara, kwa fundi Nehemiya wa Ruharo. Fundi aliinua mkono wa sindano kwa kidole kimoja, akacheka mpaka akakaa chini. “Mzee, wewe umeweka ng'ombe kwa baiskeli.” Mkono ni wa chuma, mzito, kichwa alichofunga kina springi laini, cha mkono mwepesi. Na mzee wetu alikuwa anatibu uzito kwa kuongeza uzito. Huyu ndiye anayefundisha wachumba kanisani kwamba wasiolingana wasifungwe pamoja.

Alirudi na kichwa cha springi ngumu, kinacholingana na ule mkono mzito.

Siku iliyofuata alimwita Maman Perpétue. Sindano ikashuka. Ubeti wa pili ukaja mzima, hata pumzi ya yule baba kabla ya kuanza. Papa alitaka kurudia, ajihakikishie. Maman akamshika mkono. “Acha, Papa. Ameimba.”

Papa Grégoire, tunakushukuru kwa kukataa kuondoka na deni la sauti ya mtu. Mungu akupe siku ndefu na magoti mazuri. Ukipita huku ukasikia mwanaume anaimba, usiingie kukagua mashine. Ni Maman Perpétue na simu yake, anafundisha wajukuu ubeti wa pili.

Gisèle, mpokeaji wa wateja