Kipande na Jumamosi Aliyoiahidi

Marehemu, ambaye kazini hata wakubwa walimwita Kipande, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba wa fundi wa mabehewa. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha mbao, kisha akahitimu ujenzi katika chuo cha ufundi mwaka 1983.

Aliajiriwa idara ya maji, kubadilisha mabomba chini ya mitaa mikongwe ambayo ramani zake hazikuaminika. Mradi wake wa kwanza ulipangwa wote mezani. Mafundi walifuata mpango neno kwa neno, wakatoboa bomba la maji machafu, yakaingia kwenye maji ya kunywa, na watoto wawili wa mtaa ule wakafa kwa kuhara. Alikwenda kwenye maziko yote mawili. Tangu hapo alifanya kazi kipande kwa kipande: afukue kidogo, atazame, akae na mafundi ukingoni mwa mtaro, abadilishe mpango, ndipo aendelee. Mkurugenzi alipomuuliza mradi utaisha lini, alijibu, "Nifike kwanza duka la dawa, mzee. Ya sokoni nitakwambia nikiwa pale." Alinyimwa vyeo kwa majibu hayo, wala hakuyaacha.

Tarehe 5 Agosti 1989 alimwoa fundi cherehani. Alipomposa alisema, "Tuanze na uchumba, tuone." Mwenzake akamjibu, "Mimi si mtaro. Sema moja." Akasema moja. Walijaliwa binti.

Juni mwaka jana aligundulika na saratani ya ini. Kila baada ya matibabu alikaa na mkewe na bintiye, wakaangalia mwili umekubali nini na umekataa nini, wakapanga wiki inayofuata tu. Harusi ya binti nayo ilipangwa hivyo hivyo. Ukumbi wa ghorofani uliachwa aliposhindwa kupanda ngazi, ikahamishiwa uani. Binti alivumilia yote, ila jambo moja lilimkaa rohoni.

"Baba, mimi sitaki kipande. Niambie tu utakuwepo."

Baba yake akamjibu, "Nitakuwepo. Jumamosi nitakuwepo."

Mkewe aligeuza uso. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akiahidi siku asiyoijua, na alielewa kwamba safari hii mumewe ameongea kama baba tu.

Alifariki Jumatano, tarehe 7 Mei 2025, akiwa ameshikwa mikono na mkewe na bintiye. Inauma, na hakuna namna ya kuisema ikaacha kuuma.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Viti mlivyokalia vilikodiwa kwa ajili ya harusi. Marehemu ameacha mjane, dada yake mkubwa, binti yake, na kijana aliyebeba jeneza upande wa mbele, ambaye angekuwa mkwe wake saa nane mchana. Binti hajasema harusi itakuwa lini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mungu ampokee baba yake, ampe pumziko.