Mama Msafara na Binti Aliyebaki Ng'ambo ya Mto

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Msafara, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu la kushonea nguo. Mama yetu alikuwa mkunga, na alipenda kutamba kwamba siku hiyo alikuwa mzazi na mkunga kwa wakati mmoja. Dada ndiye kifungua mimba. Mimi ninayewasomea haya ni kitinda mimba.

Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuongoza watu. Familia mpya ilipohamia mtaani, alituosha nyuso, akatupanga mstari, akatupeleka kuwasalimu. Mlangoni alitunong'oneza, "Mkikaribishwa, kaeni. Msichague kiti." Kaka yetu akakalia kiti chenye mguu mbovu, kikampindua chali. Akabaki hapo hapo sakafuni na kusema, "Ahsanteni, nimeshakaa." Dada alisimulia kisa hicho hadi uzeeni, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha jiografia. Kwa ramani hakuwa na mzaha. Hata hivyo lilimkera jambo moja: wanafunzi wake waliweza kuchora mito ya nchi jirani bila kukosea, lakini hakuna aliyejua kumwamkia mtu anayeishi kando ya mito hiyo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, mtu mpole asiyependa kusafiri hata mtaa wa pili. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Shemeji alikuwa akiwaambia wateja wake, "Wenzangu wameoa wanawake. Mimi nimeoa pasipoti."

Utani huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1991 dada alianzisha kikundi cha vijana wa kujitolea, na kila likizo ya Agosti aliwavusha mpaka wa nchi kwenda kufanya kazi ng'ambo: kuezeka madarasa, kuchimba vyoo, kukarabati zahanati. Hawakulala hotelini. Kila kijana alipewa nyumba ya mwenyeji, akala walichokula, akaamka walipoamka. Kabla ya safari aliwafundisha lugha ya huko kwa miezi kadhaa, akawapeleka kuchanjwa, na yeye mwenyewe alitangulia kwenda kuwauliza wenyeji wanataka nini. "Hatuendi kuwafundisha watu kuishi," aliwaambia. "Tunakwenda kukaa kwao, na mgeni hakai bure." Kijana mmoja alibeba begi zima la biskuti kwa kuogopa chakula cha ugenini. Dada alilifungua, akalitazama, akamuuliza, "Baba, kwani unanyonyesha, hata njaa ikutishe hivi?"

Ndugu waombolezaji, familia ilikaa na kushauriana kama yanayofuata yasemwe hapa. Shemeji akasema yasemwe, kwa sababu dada mwenyewe hakuwahi kuyaficha.

Agosti 2003 msafara ulikwenda kukarabati zahanati katika kijiji cha milimani. Miongoni mwa vijana alikuwamo mwanafunzi wa uuguzi ambaye wenzake walimwita Kicheko, kwa kuwa alisikika kabla hajaonekana. Alikaa kwa mama mmoja mjane, mfumaji wa mikeka. Alasiri moja, safari ikiwa imekaribia kwisha, Kicheko alimwomba dada ruhusa avuke mto akamfunge kidonda bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia, na amuage. Mawingu yalikuwa yametanda mlimani.

"Nenda," dada alimwambia, "lakini usikae."

Bibi yule alisema baadaye kwamba Kicheko alimfunga kidonda, akamkumbatia, akatoka. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, na mto ukawa umefurika. Daraja la mbao halikuonekana tena. Kijiji kizima kiliingia majini na kwenye matope kumtafuta. Vijana walirudishwa nyumbani na mwalimu mwenzake dada. Dada alibaki akitembea kingo za mto hadi wenyeji wenyewe walipomshika mkono wakamwambia imetosha. Kicheko hakupatikana, wala kitu chake chochote.

Dada hakutuma mtu wala kupiga simu. Alikwenda mwenyewe kwa mama yake Kicheko, muuza vitambaa sokoni, akasimama mlangoni.

"Umemwacha wapi mwanangu?"

"Sijui, dada yangu. Nimemtafuta, sijamwona."

"Kama hujui alipo, usiingie kwangu."

Na mlango ukafungwa.

Toka hapo misafara ilikoma. Dada aliendelea kufundisha, ila hakuwa peke yake tena. Njiani aligeuka nyuma kama aliyeitwa. Tukiwa mezani, maneno yanaendelea, aliinuka kwenda kufungua mlango ambao haukubishwa. "Nani?" shemeji aliuliza mara ya kwanza. "Nimemsikia anacheka," alijibu. Shemeji hakubishana naye, wala hakumwita mgonjwa. Siku zote alimfuata hadi barazani, wakasimama wote wawili wakiitazama barabara, kisha wakarudi kula chakula kilichopoa. Watoto wao walikua wakidhani kila nyumba iko hivyo.

Mwaka 2009, mwezi wa Juni, mama yake Kicheko alitokea shuleni. Dada alikuwa ofisini akisahihisha mitihani.

"Nipeleke," alisema.

"Nikupeleke wapi?"

"Ulikompeleka."

Dada alimwandaa kama alivyowaandaa wote. Alimfundisha salamu, alimpeleka kuchanjwa, akawaita baadhi ya vijana wa zamani, wakavuka mpaka. Mama mjane aliwapokea na kumwonyesha mgeni wake chumba cha Kicheko. Kilikuwa kimefagiwa, mkeka umetandikwa, dirisha liko wazi kuelekea mtoni.

"Bado unamsubiri?" mama yake Kicheko aliuliza.

"Simsubiri," mjane alijibu. "Huwa anapita. Mimi namfungulia tu."

Dada alitusimulia kwamba waliketi chumbani humo wanawake watatu. Kisha, kwa wakati mmoja, wote watatu waligeuza vichwa dirishani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amesikia nini. Mama yake Kicheko alilala chumba hicho muda wote wa safari.

Yeye ndiye aliyechagua kazi ya msafara ule. Wenyeji walitaka daraja, naye akasema lijengwe daraja. Alibeba mawe begani pamoja na vijana, akajifunza kufuma mkeka, akaugua tumbo, akauguzwa na mjane. Daraja la chuma lilikamilika Agosti 2010, na misafara ikarudi kila mwaka, dada na mama yake Kicheko wakiiongoza pamoja, hadi dada alipopumzika kazi hiyo mwaka 2018. Kama mama yule alimsamehe, sisi hatujui. Neno hilo hatukulisikia kati yao hata siku moja. Tulichoona ni kwamba walikula sahani moja.

Mwaka 2021 dada alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua figo zake zimechoka. Alisafishwa damu kwa miaka mitatu bila manung'uniko, akiwafundisha wagonjwa wenzake salamu za ng'ambo. Januari mwaka huu alilazwa. Siku zake za mwisho lugha yetu ilimtoka, akawa anaongea ile ya milimani peke yake.

Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, alasiri, alinyanyua mkono kuelekea mlango wa wodi, akasema jambo huku akitabasamu. Muuguzi aliyesimama hapo aliuliza, "Mama anasema nini?"

Mama yake Kicheko, aliyekuwa amekaa kitandani pembeni yake, ndiye pekee aliyeelewa.

"Anakuomba usogee, mwanangu," alisema. "Kuna mtu nyuma yako."

Muuguzi akasogea. Dada alishusha mkono, na baada ya muda mfupi akakata roho.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wanne. Mama mfumaji wa mikeka yuko hai; miguu haimruhusu kusafiri, ila wanawe wamekuja na wako nasi hapa. Mama yake Kicheko tulikuwa tumemweka miongoni mwa marafiki. Aliisoma karatasi hii, akaomba kalamu, akajihamishia kwa ndugu.

Dada yetu, Mungu akupe pumziko, na amani ikae nawe.