Mwalimu Yudith Mathayo, Aliyeomba Kura Irudiwe

Ndugu waombolezaji, leo Jumanne, tarehe 11 Oktoba 1983, tumekuja kumsindikiza Mwalimu Yudith Mathayo. Kabla udongo haujamfunika, ni haki yake tusimulie alivyoishi.

Marehemu alizaliwa Mamboya tarehe 3 Machi 1936, binti wa pili wa marehemu Mathayo Chilongola na Mama Raheli, ambaye tuko naye hapa. Mama anakumbuka jinsi binti zake wanne walivyokuwa wakigombana kila asubuhi, nani afuatane na nani kisimani. Yudith, akiwa na miaka tisa, aliwapanga wawili wawili, akaona jozi zote zinazowezekana ni sita tu. Kila jozi akaipa siku yake. Jumapili ikabaki bila mtu, akampangia baba. Na baba alikwenda.

Alisoma shule ya misheni hapo Mamboya kuanzia 1944, akaendelea na shule ya kati ya wasichana, kisha akapata cheti cha ualimu mwezi Novemba 1955. Januari 1956 alianza kufundisha Kilosa mjini.

Kilosa ndiko alikokutana na Ndugu Petro Lupakisyo, ambaye baba yake alitoka Rungwe kuja kufanya kazi ya reli. Petro naye alikuwa katika genge la kutengeneza njia ya Kilosa hadi Mikumi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1962, nchi ikiwa haijatimiza mwaka tangu ipate uhuru. Mwaka uliofuata Mwalimu akahamishiwa Mikumi.

Mwaka 1968 alipelekwa mafunzoni Morogoro, akarudi na elimu iliyompendeza kuliko zote: kuhesabu njia ambazo jambo laweza kutokea, ili kujua kama ni la kawaida au ni la ajabu. Aliliambia darasa lake la watoto arobaini kwamba wawili wao karibu hakika walizaliwa siku moja. Akafungua daftari la majina. Kumi na mmoja walikuwa wamezaliwa Januari mosi! Darasa likashangilia, yeye akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hii haihesabiki," akawaambia. "Hesabu yangu inataka kila siku ya mwaka iwe na nafasi sawa. Kama karani anamwandikia Januari mosi kila asiyejua siku yake, nafasi si sawa tena."

Mwaka 1971 alihamia kijiji cha Ulaya, hukohuko wilayani Kilosa. Mwaka 1974, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa, kitongoji chao kilikuwa na kaya kumi na mbili na mashamba kumi na mawili. Manne yalikuwa kando ya mto, yenye udongo mweusi. Manane yalikuwa juu kwenye changarawe. Majina ya kaya yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa chunguni, na wanne wa kwanza kutolewa wakapewa mto. Wanne hao ndio waliokuwa kamati nzima ya kura yenyewe. Mwalimu Yudith, katibu wao, alikuwa mmojawapo.

Watu walitazamana, na nyuso zilisema. Nyumbani Mwalimu alichukua chaki, akaandika kwenye mlango wa jiko. Wa kwanza aweza kuwa yeyote kati ya kumi na wawili, wa pili kati ya kumi na mmoja, wa tatu kati ya kumi, wa nne kati ya tisa. Akazidisha. Kisha, kwa kuwa wanne walewale waweza kutoka kwa kufuatana njia ishirini na nne, akagawanya. Yakabaki makundi mia nne tisini na tano, na kundi la wanakamati watupu ni moja tu.

"Baba Domina," alimwambia mumewe, "hili halikuja lenyewe."

"Mama Domina, tuna watoto wanne. Shamba la mto umepewa mbele ya watu. Hukuiba."

"Sikuiba. Lakini majina niliyaandika mimi, yetu sisi wanakamati mwisho, na ndiyo yaliyokaa juu. Hakuna aliyekoroga chungu."

Petro akachukua taa, akaenda kulala.

Siku ya pili alisimama mkutanoni. Mwenyekiti akamuuliza, "Mwalimu, unatuita wezi?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Kama kuna mwizi, wa kwanza ni mimi. Naomba chungu kikorogwe, kura irudiwe, na vikaratasi avitoe asiye na shamba hapa."

Mabishano yalichukua asubuhi nzima. Mwishowe kura ikarudiwa. Mama Mwamvua, mjane mwenye watoto watano, akapata mto. Jina la Mwalimu lilitoka la tisa. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na mahindi yao ya changarawe hayakujaza hata magunia mawili. Petro alikaa wiki kadhaa akisema naye maneno ya lazima tu. Lakini baadaye, mgeni yeyote aliyefika kwao, Petro ndiye aliyemwonyesha hesabu ile mlangoni, na hakuruhusu ifutwe.

Mwezi Februari 1983 Mwalimu alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Kilosa, kisha Morogoro, ambako daktari alimweleza kwamba kati ya kumi wanaopasuliwa, saba hupona. "Hao kumi walikuwa na umri gani?" akauliza, na daktari akavuta kiti, akakaa. Alipasuliwa mwezi Aprili, akarudi nyumbani, akasahihisha madaftari hadi Agosti. Hali ilipobadilika, Petro alimuuliza anaonaje nafasi yake. Akamjibu, "Leo nisihesabu. Nishike mkono." Alifariki Jumapili, tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi.

Marehemu ameacha mama yake, Raheli, mume wake, Petro, watoto wanne, Domina, Ulimboka, Nikolaus na Hildegarda, wajukuu wawili, dada zake watatu, na wanafunzi ambao idadi yao yeye peke yake angeweza kuitaja.

Mwenyezi Mungu, asiyempendelea mtu, ampokee Mwalimu wetu na kumlaza katika amani yake. Amina.